MREJESHO: Paka wangu mzee na yule mdogo niliyemuokota

Jamani nimerudi kama nilivyoahidi. Mimi ndo yule wa huku Mikindani niliyewauliza nifanyeje, Chausiku wangu ana miaka 9, nikaleta mtoto wa paka wa kama miezi 2 nikamtua sebuleni hapohapo, ikawa kufoka na kunguruma, Chausiku akahamia juu ya kabati hata kula akagoma.

Mkaniambia niwatenganishe, wazoeane harufu kwanza. Mdogo nikamuweka chumba cha uani na beseni lake la mchanga, kila jioni namfuta na kipande cha kanga nakipeleka anapolala Chausiku, na cha Chausiku napeleka kule. Siku ya kwanza Chausiku alikinusa akakifokea, siku ya nne nikamkuta amekilalia, nilitaka kulia kwa kweli. Halafu sahani za dagaa huku na huku ya mlango uliofungwa, nasogeza kidogo kidogo mpaka wanasikiana wanavyotafuna.

Wiki ya tatu nikafungua. Chausiku kampiga kofi moja, kucha hakutoa, mdogo akalala chali, ikaisha.

Aliyesema nisimkaripie mkubwa akifoka asante sana ndugu yangu, maana nilikuwa nampigia kelele kumbe namzidishia hofu. Kulala kukumbatiana bado na siwalazimishi, ila jana wote wawili walikuwa mkeka mmoja barazani, mkia wa Chausiku umegusa mgongo wa mdogo na hakuusogeza.