Kurasa za "Siku kama ya leo": mnaivuruga 20 Oktoba kila mwaka!

Wakuu, hizi kurasa za michezo zinazobandika "siku kama ya leo" zimezidi. 20 Oktoba ni tarehe nono kwa riadha yetu, na Kenya ni sikukuu ya Mashujaa, watu wamejaa mtandaoni. Basi uongo unasambaa kama moto wa kiangazi.

Mexico City, 20 Oktoba 1968. Kipchoge Keino alishinda mita 1,500 kwa 3:34.9, Mmarekani Jim Ryun akiwa nyuma kama mita 20. Uwanja uko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi. Mkenya mwenzake, Ben Jipcho, alivuta kasi tangu mlio wa bastola, mzunguko wa kwanza sekunde 56, ili Ryun anayefyatuka mwishoni akute mwanya hauzibiki. Utamu wote huo hamuugusi. Mnabandika picha ya Eliud! Eliud Kipchoge kazaliwa 1984, miaka 16 baada ya mbio hizo.

Siku hiyo hiyo Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka kwenye msongamano wa marathoni karibu na kilomita 19. Goti likateguka, bega likaumia, akamaliza kwa 3:25:27, saa moja na dakika tano baada ya mshindi, Mamo Wolde. Ni wa 57. Nani kawaambia ni wa 75? 75 ndio walioanza. 18 waliishia njiani. Mnamweka mzee wa watu nyuma ya waliopanda gari?

Halafu kuna wanaoandika 21 Oktoba. Kosa linajulikana: Mexico City iko nyuma yetu kwa saa 9, mtu kageuza jioni ya kule kuwa saa zetu, tarehe ikaruka. Tarehe ya mbio ni ya pale zilipokimbiwa, basi.

Siku za kuzaliwa nazo ni vurugu. Eliud ni 5 Novemba. Mnanakili 5/11, programu inayosoma mwezi kwanza, mtindo wa Kimarekani, inampa 11 Mei. David Rudisha, wa mita 800, 17/12, ananusurika kwa sababu hakuna mwezi wa 17. Andikeni mwezi kwa herufi, kazi ya sekunde mbili.

Na 12 Oktoba msituletee tena "rekodi ya dunia" ya marathoni ya Eliud, Vienna 2019. Ile 1:59:40 haikuingia kwenye vitabu: waongoza kasi 41 wakipokezana, vinywaji vinaletwa kwa baiskeli, na hayakuwa mashindano ya wazi. Rekodi yake halali ya mwisho ni 2:01:09, Berlin, 25 Septemba 2022, hadi Kelvin Kiptum alipoivunja Chicago, 8 Oktoba 2023, kwa 2:00:35.

Na Mtanzania Filbert Bayi je? Christchurch, 2 Februari 1974, 3:32.2, ni mita 1,500. Maili ni 3:51.0, Kingston, 17 Mei 1975. Ni rekodi mbili za dunia, miaka miwili tofauti. Mnaoziunganisha kwenye posti moja, futeni leo.