Naombeni ushauri: mteja kaweka advansi kwenye picha yangu kubwa na Nane Nane ya Ngongo kule Lindi ndo inakaribia

Mchoraji wa Chikongola
Habari za muda huu wanajukwaa, wakubwa shikamooni. Niko hapa Mtwara mjini, nachora picha za rangi kwenye kitambaa na kwenye hadibodi, majahazi, soko la samaki, kina mama wanabangua korosho, vitu vya huku kwetu. Juzi kati kulikuwa na maonesho ya wajasiriamali hapa mjini nikapata meza, kulia kwangu mama wa batiki, kushoto kijana wa asali. Siku ya kwanza watu wanapita wanasema "nzuri" alafu wanaenda kununua asali, wengine wananiuliza hizi umeprinti wapi. Ila kuna picha moja kubwa, futi nne kwa tatu, hiyo ndo ilikuwa inasimamisha watu, mpaka mama wa batiki akaniambia mwanangu hiyo isogeze mbele na mimi nipate wateja. Siku ya kufunga akaja bwana mmoja ana hoteli akaitaka kwa laki sita na nusu, kanipa laki mbili pale pale, iliyobaki akija kuchukua.

Sasa na Ngongo nina nafasi na picha ya kuvuta watu ndo hiyo hiyo. Nimuombe asubiri mpaka Nane Nane ipite au nimpe niende na zile ndogo? Na hiyo bei ni sawa au nimepigwa? Naombeni msaada usingizi sipati kabisa.

Korosho Ghafi
Mkuu mpe mtu mali yake. Nane Nane ni Agosti, huku kusini Agosti mfukoni pakavu, mnada wa korosho mpaka Oktoba huko ndo utaona watu wananunua sofa, pikipiki, bati. Ukipanga picha ya laki sita Ngongo mwezi wa nane utapigwa selfi mpaka rangi ichujuke. Maonesho ya wachoraji kusini yangewekwa Novemba nimeshasema sana hili.

Bwana Fremu
Kuhusu bei, futi nne kwa tatu rangi ya mafuta na fremu juu, laki sita na nusu sio mbaya kwa Mtwara, Dar ungeomba zaidi lakini Dar pia ungekodi sehemu. Mimi nilianzia Oysterbay kwenye vibanda vya Tingatinga miaka hiyo, tunachora kwenye hadibodi kwa rangi ya kung'aa kama marehemu Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alivyoanza, mtu wa Tunduru yule, ni wa kusini huku huku. Aliuza picha zake nje ya duka kwa hela ndogo sana na akafa 1972 bila kuziona zinavyouzwa leo. Kwahiyo ukipata mteja anayetoa laki mbili mkononi usimzungushe.

Ila kitu cha muhimu ni usafirishaji. Kama ni kitambaa usiikunje, usiiweke kwenye buti la basi chini ya magunia ya mihogo. Itoe kwenye fremu, izungushie kwenye bomba la plastiki nene, upande wenye rangi uwe NJE sio ndani, watu wengi wanakosea hapo wanaweka rangi ndani ikija kufunguliwa imekatika mistari. Na kama rangi ya mafuta haijakauka vizuri usizungushe kabisa, pwani hii na unyevu wake rangi inachelewa, ukiigusa juu unaona kavu ndani bado mbichi.

Mama Swaumu
Mwanangu pole na mahangaiko. Mimi sio mtu wa picha ila nimesoma mara mbili. Majahazi umetaja, samaki umetaja, korosho umetaja, hiyo kubwa hujasema ina nini. Na mtu hakosi usingizi kwa kuchagua apeleke picha wapi.

Mchoraji wa Chikongola
Marahaba mama, samahani, shikamoo. Ni ya ngoma tu mama. Mapiko, ile ngoma ya kimakonde ya vinyago.
Bwana Fremu asante sana kwa hilo la bomba sikulijua.

Dogo wa Ligula
Mapiko inauza! Mi kuna mwaka nilichora lipiko, kile kinyago cha kuvaa kichwani, ukutani kwenye baa fulani hapa mjini, jamaa akanilipa nusu, nusu akasema nitakunywa, na mi sinywi. Nikawa nawaleta washkaji wanakunywa kwa jina langu mpaka deni liishe, mwisho wa siku yeye ndo anadai sisi. Kwaiyo ushauri wangu hela yote kwanza, picha baadae.

Mwana wa Newala
Mleta mada, mapiko yanachezwa uwanjani au vipi? Nauliza kwa sababu. Lipiko limevaliwa limefunikwa vitambaa kila mahali, njuga miguuni, au umechora nini hasa?

Korosho Ghafi
Mwana wa Newala umeanza, sasa itakuwa semina.

Mchoraji wa Chikongola
Sio uwanjani. Ni mtu anajifunga lipiko, bado halijashuka lote, uso unaonekana nusu. Ndo maana picha ina nguvu, upande mmoja sura ya mti na nywele zake upande mwingine mtu anavuta pumzi, jicho moja linakuangalia. Sijaona mtu kachora hivyo mimi.

Sawa niseme yote maana naona mtanibana. Huyo mtu ni mjomba wangu, mdogo wake mama. Anajulikana kijiji kizima na sura nimeitoa yenyewe. Hajaiona. Na mimi ni mwanamke, wengi mnaniita mkuu humu nimeacha tu. Ila kabla hamjanishukia, mapiko siku hizi yanachezwa mbele ya mawaziri, yanachezwa kwenye matamasha hapa hapa Mtwara watoto na watalii wanapiga picha, Mueda ng'ambo ya Ruvuma huko Msumbiji kuna wanawake wanacheza wenyewe. Siri gani tena iliyobaki? Na mimi nimechora kwa heshima, mjomba humo ni mzuri kuliko alivyo.

Mwana wa Newala
Dada, kuchezwa hadharani sio sawa na kuonesha uso. Watalii wanaona lipiko hawamuoni mtu. Zamani mwanamke na mtoto ambaye hajaingia jando aliambiwa hilo sio mtu, limetoka makaburini. Leo hata mtoto wa chekechea anajua ndani kuna mtu, lakini NANI hilo halisemwi, na anayecheza ndo wa mwisho kusema. Kwetu mjomba ndo mwenye neno juu yako kuliko baba. Hilo sio la kuuliza humu.

Mama Swaumu
Ndo maana usingizi hupati mwanangu.

Mshika Peni
Naomba niulize tofauti, huyo mwenye hoteli anaitaka ya kutundika tu au ana mpango mwingine?

Mchoraji wa Chikongola
Ya kutundika mapokezi. Alisema pia akiipenda zaidi ataitoa kwenye kalenda za mwakani za kugawia wageni, lakini hiyo ni maneno tu hatujaandikiana.

Mshika Peni
Basi sikiliza. Kwa sheria ya hakimiliki ya 1999 ukimuuzia picha umemuuzia kile kitambaa na rangi zilizo juu yake. Haki ya kuichapisha kwenye kalenda, fulana, mabango inabaki kwako mchoraji, maisha yako yote na miaka 50 baada ya hapo kwa warithi wako. Usisaini karatasi yoyote yenye neno "haki zote". Mwandikie risiti: picha moja, saizi, bei, "kwa kutundika tu, si kwa kuchapisha". Wachoraji wetu wanalia kila siku picha zao ziko kwenye vikombe.

Kijiwe cha Bima
Samahanini wadau ila mi naona hii ni CHAI. Hebu tuangalie. Mwanamke, tena ambaye mjomba wake ni mchezaji wa mapiko, kaona vipi mtu akijifunga lipiko? Hiyo wanafanyia porini wanaume watupu. Alafu kwa bahati tu akatokea tajiri na laki mbili taslimu kwenye maonesho ya asali na batiki. Hapa kuna mtu anatangaza picha yake, wiki ijayo tutapewa namba ya lipa. Weka picha humu tuone, kama ipo.

Dogo wa Ligula
Chai ya tangawizi hiyo 😂 weka picha dada

Korosho Ghafi
Na mimi nilishtuka hapo kwenye jicho moja linakuangalia. Hiyo ni ya mtunzi wa hadithi.

Bwana Fremu
Mimi naamini. Mtu anayedanganya angesema milioni tano.

Mchoraji wa Chikongola
Kijiwe cha Bima sikuona porini, nilionea uani kwetu. Mjomba ana lipiko la zamani sana, mti mwepesi, rangi ilikuwa imebanduka yote shavuni na macho yake siku hizi hayaoni karibu, na anajua nina rangi. Akaniletea usiku limefungwa kwenye kanga akasema nitengenezee hili, usimwambie mtu. Nimelisugua msasa laini, nikapaka rangi ya mafuta tabaka nyembamba nyembamba kwa sababu ukipaka nene kwenye mti mwepesi inapasuka, zile nywele zimegandishwa kwa nta kwahiyo hairuhusiwi thina kufika pale, inayeyuka yote, nilitumia kijiti cha mswaki kuzunguka nywele moja moja. Alipokuja kuchukua akalijaribu kichwani kuona kama linakaa, akalishusha taratibu, akaniangalia kupitia mdomoni mwa lipiko maana pale ndo anaonea. Hapo ndo nilipoiona picha. Nani atatunga hayo?

Na picha siweki humu. Watu wa kijijini wamo humu.

Mwana wa Newala
Hapo kwenye kuonea mdomoni, Kijiwe cha Bima nyamaza kaka. Huyu kaliona.

Mama Swaumu
Mwanangu nikuulize kwa upendo. Humu tuko watu wa majina ya kubandika umekataa kuweka, unasema watu wa kijijini wamo. Hotelini mapokezi watu wa kijijini hawafagii? Hawabebi mizigo? Na hiyo kalenda itatundikwa wapi, si ndo kwenye maduka yetu?

Na alikwambia usimwambie mtu.

Mchoraji wa Chikongola
Mama mimi sijamwambia mtu, nimechora. Na pale kwenye maonesho ilisimama watu wangapi hakuna aliyesema huyu ni fulani. Alafu mnaongea kama vile laki mbili ninayo. Nimeshalipia nafasi ya Ngongo, nimenunua kitambaa na ukutani kwangu kuna picha tatu zinasubiri fremu. Miaka yote nachora majahazi kwa sababu ndo yanauzika elfu thelathini thelathini, hii ndo picha ya kwanza nimechora kitu ninachokijua mimi peke yangu, mnaniambia niifiche.

Dogo wa Ligula
Dada chora wale mijusi wakubwa wa Tendaguru, mifupa yao Wajerumani waliibeba kutoka huko Lindi 1909 mpaka 1913 iko Berlin imesimama. Hakuna mjomba wa dinosaria atakayekuja kulalamika.

Mwana wa Newala
Hakuna aliyesema uifiche. Mjomba alikuamini lipiko, kwa mila zetu hiyo ni kubwa sana, kuna vijana wa kiume wa ukoo hawajaligusa. Mpelekee aione yeye kwanza. Usiende peke yako, mtafute mzee mwingine wa ukoo aliyecheza naye, huyo ndo atangulie kuongea. Usiende mikono mitupu. Usianze na habari ya hoteli wala hela, anza na picha, ifunue, kaa kimya. Anaweza kukasirika, anaweza kusema badilisha uso, anaweza pia kufurahi maana hawa wazee wanacheza maisha yote na hakuna anayejua ni wao, mimi baba yangu mkubwa alikufa ndo tukajua.

Bwana Fremu
Na kama ni rangi ya mafuta uso unabadilika vizuri tu, usikwangue, subiri ikauke kabisa upake juu. Lakini pole, najua kubadilisha uso uliouweza inavyouma.

Mchoraji wa Chikongola
Uso sibadilishi. Akisema hapana picha inabaki kwangu. Akisema sawa inaenda hotelini na risiti ya Mshika Peni, kalenda hapana.

Nimeongea na babu mmoja aliyekuwa mpiga ngoma wao, kasema Ijumaa baada ya swala twende wote. Mteja nimempigia nimemwambia avute subira, kanijibu kwa mkato, sijui kama atarudi. Akidai advansi yake ntaitoa wapi ndo kitu nawaza sasa hivi. Ngongo nitaenda na zile ndogo.

Mama Swaumu
Mungu akutangulie. Sukari na kanga nzuri, usisahau kanga ya mke wa mjomba.

Mshika Peni
Kama ataidai, kwenye risiti uliyompa uliandika nini? Kama hukumpa risiti mwandikie leo leo kabla hamjakosana, utarudisha kwa awamu.

Kijiwe cha Bima
Mi bado nina asilimia thelathini ya chai. Ila niko Lindi mjini mwezi wa nane na mke wangu kasema anataka picha ya jahazi ya sebuleni. Nitapita Ngongo. Nikikukuta nanunua mbili kwa elfu thelathini thelathini bila kupunguziwa na hela napeleka kwenye hiyo advansi, nisipokukuta narudi humu humu. Utakuwa banda la upande gani?

Mchoraji wa Chikongola
Mabanda wanagawa tukifika. Uliza wachoraji wamewekwa wapi, mimi nitakuwa na lile la rangi ya bluu lenye tanga jekundu mbele kabisa. Na za majahazi makubwa ni elfu arobaini.