Naomba ushauri: matembezi ya ghafla ya wikendi karibu na Kampala

Habari za leo ndugu zangu. Naishi Ntinda na mume wangu, watoto wawili (miaka 6 na 9) na mama mkwe, ambaye magoti hayamruhusu kupanda wala kushuka sana. Kila Jumamosi marafiki wanapiga simu, tutoke! Tunajadiliana hadi saa sita mchana, watoto wanakata tamaa, tunabaki nyumbani. Inaniuma.

Bustani ya mimea ya Entebbe tumeshaenda mara nne, watoto hawachoki kuwatazama mbega. Mwezi jana tuliingia msitu wa Mabira bila kupanga chochote. Mama alikaa kwenye gogo na gonja (ndizi) la kuchoma tulilonunua Najjembe, likiwa bado la moto ndani ya gazeti, sisi tukazunguka msituni. Hajafurahi hivyo muda mrefu.

Sasa tunafikiria maporomoko ya Sezibwa. Je, mtu wa magoti mabovu anaweza kuyaona maji vizuri bila kushuka mteremko? Na nyinyi wenye familia, mnakubalianaje pa kwenda asubuhi ileile, kabla ya foleni ya barabara ya Jinja?

Natanguliza shukrani.