Wauzaji wa moduli za raki Mombasa, taa kuwaka si kufanya kazi!

Jamani, mchezo huu wa kuuziana moduli za sauti, yale masanduku ya raki yasiyo na vibonye yanayopigwa kwa kinanda au kompyuta, umezidi. Tangazo ni lilelile: "Roland JV-1080, ex-Japan, iko sawa, taa inawaka." Taa inawaka! Ukiuliza ni ya volti ngapi, unajibiwa "hiyo ni kawaida, chomeka tu."

Kawaida ya wapi? Stima ya Japani ni volti 100, yetu ni 240. Geuza mashine, soma maandishi yaliyo karibu na tundu la waya wa stima. Yakisema 100V nawe ukachomeka moja kwa moja kwenye soketi ya hapa, transfoma ya ndani inazidiwa na fyuzi inakatika. Fyuzi ikichelewa, kapasita zinapasuka. Halafu kuna mafundi wanaotia fyuzi kubwa zaidi "isikatike tena." Huko ni kutafuta moto. Kinachotakiwa ni stepdauni ya koili, yaani transfoma ya kushusha stima, 240 kwenda 100. Ya wati 100 ni tele kwa moduli moja. Ile ya 110 ambayo utasukumiwa dukani, stima ikipanda hadi 250 inatoa karibu 115. Mashine italia, ila pawa saplai inachemka, na kwa joto la huku Pwani haifiki mbali. Vile vibadilishaji vyepesi vya wasafiri, vya pasi na vya kukaushia nywele, visiguse moduli kabisa.

Halafu hii sifa ya "polifonia 64". Sawa, JV-1080 ya 1994 inatoa sauti 64 kwa mpigo. Lakini pachi moja, yaani mlio ulioandaliwa wa chombo kimoja, hubeba hadi toni nne, na kila toni inakula sauti yake. Fidla za toni nne, kodi moja, yaani noti nne zikipigwa pamoja: 16 zimekwenda. Shika pedali upige kodi tatu mfululizo: 48. Ngoma, besi na akodiani zigombanie 16 zilizobaki! Ndio maana fidla za taarabu yako zinakatika kwenye kiitikio, nawe unailaumu kompyuta. Tumia Voice Reserve, mpangilio wa kutengea chombo sauti zake, kuzilinda besi na ngoma, au zima toni mbili za pachi ya fidla; vyombo vyote vikilia pamoja hakuna atakayegundua. Anayetaka sauti 128 atafute XV-5080 au E-mu Proteus 2000, ambayo inakaa nafasi moja tu ya raki na kupokea chaneli 32 za MIDI, ile lugha ya kuunganisha vyombo na kompyuta.

Linalowaumiza watu zaidi ni EFX, sehemu ya kupamba sauti, na wauzaji wengi hata hawalijui. Dukani unasikiliza pachi mojamoja, kila moja na EFX yake, unapendezwa, unalipa. Nyumbani ukiingia Performance, hali ya kupiga vyombo vingi pamoja, pati (nafasi za vyombo) zote 16 zinagawana EFX moja. Ogani ambayo sauti yake ilikuwa ikizunguka vizuri sasa kavu kama mkate wa juzi, na mtu anarudi dukani kupigana. Si mbovu, ndivyo ilivyoundwa. Dawa yake ni kurekodi kila pati peke yake ikiwa na EFX yake, kisha ufuate nyingine. JV-2080 ya 1997 ina EFX tatu, na nafasi nane za bodi za kuongeza sauti badala ya nne. Bei zikikaribiana, sioni sababu ya kuchukua 1080.

Mkienda kununua bebeni kinanda, waya wa MIDI wa pini tano na hedifoni. Jaribuni matundu yote sita ya kutolea sauti yaliyo nyuma, si yale ya Mix peke yake. Zungusheni jeki ikiwa tunduni. Ikikwaruza, hewa ya chumvi imeshakula, labda kwa dawa ya kusafishia kontakti itapona. Skrini ikionyesha Battery Low, betri ni CR2032, rahisi kupata, lakini kabla ya kuitoa hifadhi pachi zako kwenye kompyuta kwa SysEx, ujumbe wa MIDI unaobeba data ya mashine. Na si kwa ule waya wa USB wa bei ya kutupa: unadondosha vipande vya ujumbe mrefu, siku ya kurudisha unakutana na Checksum Error, yaani data imeharibika.

Nawe muuzaji unayesoma hapa: piga picha mgongo wa mashine, volti zisomeke, weka kwenye tangazo. Hutaki? Andika "ya vipuri", na bei iwe ya vipuri.