MJADALA: Kampuni ya matangazo tuifuate Dar au kazi tuwape vijana wa hapa Kigoma?

Wadau, habari zenu. Juzi kwenye kikao cha wafanyabiashara hapa Mwanga, kaka mmoja mwenye duka la jumla alisimama akasema anayetaka biashara ikue akatafute kampuni ya matangazo Dar, maana Kigoma tuna wapiga picha za harusi tu. Akapigiwa makofi. Mimi sikupiga, na nataka nieleze kwa nini.

Nauza sabuni ya miche ya mawese. Wateja wangu wakubwa ni akina mama wanaoanika dagaa Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma. Kampuni ya Dar niliipata kama wengi wetu tunavyozipata: shemeji anamjua mtu. Mkurugenzi akaja kwa ndege, akanionyesha kazi walizofanyia benki na kampuni za simu, nikasaini siku hiyo hiyo. Sikumwona tena. Kazi ilikabidhiwa kijana aliyekuwa mafunzoni, ambaye hajawahi kukanyaga mwalo wowote.

Ratiba ya redio ilipokuja nikatazama kalenda: wiki nzima ya matangazo imeangukia mbalamwezi. Hapa hata mtoto anajua dagaa huvuliwa kwenye giza, kwa kufuata mwanga wa taa. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inalala ufukweni, na mama wa Kibirizi hana hela. Nikampigia kijana. Akaniuliza, "Mwezi unahusianaje na sabuni?" Kisha akasema nafasi zimeshalipiwa. Tangazo likaenda hewani, miche ikabaki stoo.

Hoja ya kaka naielewa. Ukitaka sabuni yako ikae kwenye rafu za supamaketi za Dar, unahitaji mtu anayewajua wanunuzi wa kule. Na vijana wetu nao wana kasoro: wengi hawatoi risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na ukiwauliza tangazo limeleta wateja wangapi wanakuonyesha idadi ya watu waliopenda picha.

Lakini kosa kubwa naliona kwetu sisi tunaolipa. Tunachagua kwa picha zinazong'aa. Siku hizi kabla sijasaini namtaka yule atakayeifanya kazi kwa mikono yake, bosi wake abaki ofisini, twende wote Kibirizi alfajiri mitumbwi ikiingia, nisikie atawauliza nini akina mama. Asiyeuliza chochote, tunaagana hapo hapo.

Namuuliza pia nani anamlipa. Kwa desturi ya zamani ya kazi hii, wakala hupata kamisheni kutoka kwa chombo cha habari, na iliyozoeleka ni asilimia 15. Sasa akikusisitizia ununue nafasi nyingi za redio, utajuaje kama anakutafutia wateja au anajitafutia kamisheni? Bora umlipe ada ya kazi, na mkataba useme kamisheni yoyote inarudi kwako.

Halafu tuache tabia ya kuwaita vijana watano, kila mmoja alete wazo bure, kisha lile zuri tunampa binamu alitekeleze. Nimelishuhudia hilo na linaniuma. Aliyeandaa sampuli alipwe, hata kama ni kidogo.

Naomba mnijibu, hasa ninyi wa Kasulu na Manyovu: watu wenu wa matangazo mliwapataje, na mliwapima vipi kabla ya kuwapa hela? Na kama yupo aliyefanikiwa na kampuni ya Dar akiuza kwa wavuvi, aeleze alifanyaje.