Naomba ushauri: kati ya siagi na majarini, ni ipi inayomfaa mtu anayetaka kupungua?

Mkaazi wa Chake

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, na leo nimelazimika kuandika kwa sababu jambo lenyewe linaninyima utulivu. Mimi ni mwanamme wa makamo, ninaishi Chake Chake, kazi yangu ni ya kukaa kitini, na uzito wangu ulifika kilo 98 ilhali kimo changu ni sentimita 168. Nimeazimia kupungua. Mke wangu ameshikilia kwamba majarini inatokana na mimea na kwa hiyo ni nyepesi, nami nimeambiwa na mtu ninayemwamini kwamba majarini ndiyo sumu na siagi ya maziwa ndiyo dawa. Ninaomba majibu yahusu siagi na majarini tu. Tafadhali msinipeleke kwenye habari za kukimbia Gombani.

Mpishi wa Shughuli

Wa alaykumu ssalaam. Kwa upande wa unene pekee, ndugu yangu, nyinyi wawili mnagombania kivuli. Siagi ina mafuta yasiyopungua asilimia 80, na majarini ya kawaida inakaribia kiasi hichohicho. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji. Kijiko kimoja cha mezani cha siagi, kama gramu 14 hivi, kinatoa takriban kalori 100, na cha majarini ngumu hakipishani nacho sana. Zipo majarini nyepesi zilizoongezwa maji, ambazo mafuta yake ni kama nusu ya hayo, na hizo kweli zina kalori chache, lakini ukizitia kwenye kikaango zinaruka na kutema maji hadi mpishi ajute. Mimi sizitaki jikoni kwangu.

Mzee wa Mchangani

Mwambie mkeo kwamba majarini haikuanza na mimea. Mfaransa Hippolyte Mège-Mouriès aliibuni mwaka 1869, wakati Napoleon III alipotaka kitu cha bei nafuu cha kushika nafasi ya siagi, na ile ya kwanza ilitengenezwa kwa mafuta ya ng'ombe. Mafuta ya mimea yalikuja kutawala baadaye. Hapa kwetu majarini ilipendwa kwa sababu nyingine kabisa, nayo ni kwamba haidai friji. Unguja ilipokosa umeme kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, waliokuwa na siagi waliigawa kwa majirani kabla haijachacha, na kopo la majarini likabaki kabatini bila wasiwasi wowote. Nyinyi wa Pemba wakati ule mlikuwa bado na majenereta ya Wesha, waya wa kutoka Tanga ulikuwa haujafika, na ninakumbuka jamaa zangu wa Mkoani walivyotucheka kwenye simu. Samahani, nimetoka kidogo nje ya swali.

Dada wa Wete

Kaka, mimi ningeongeza samli kwenye orodha, kwa sababu ndiyo iliyoniharibu. Samli ni karibu mafuta matupu, yaani imezidi hata siagi. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mama mkwe alinilea siku arobaini kwa uji wa pilipili manga na kuku wa kienyeji, na kila bakuli lilikuwa na samli juu yake inayong'aa. Arobaini ilikwisha, samli haikwisha, na nguo zangu za harusi nikazigawa. Sasa nikuulize: unapaka kiasi gani, na mkate wenyewe ni vipande viwili au boflo zima?

Mkaazi wa Chake

Ahsante dada. Sikusema kwamba ninapaka kwenye mkate. Mkate siuli tena.

Karafuu Kavu

Basi unaipaka wapi, bwana?

Mkaazi wa Chake

Ninaitia kwenye kahawa. Asubuhi vijiko viwili vya mezani ndani ya kikombe kimoja, mchana samaki aliyekaangwa kwa siagi pamoja na mchicha, na usiku mayai, nayo pia kwa siagi. Wali, muhogo, boflo, ndizi na mbatata nimeviacha vyote kwa mkupuo. Huu ni mpango niliopewa na mtu anayeongoza kundi la watu wanaopungua, na kwa kweli umefanya kazi, kwani mkanda wa suruali umesogea na ninaowakuta msikitini wameanza kuniuliza kama ninaumwa. Ninachotaka kujua ni kama naweza kubadilisha siagi kwa majarini, kwa kuwa siagi ni ghali.

Karafuu Kavu

Wazee wa barazani kwetu wanakunywa kahawa chungu kwa kashata au kipande cha halua, wanazungumza siasa hadi usiku, na hakuna hata mmoja mwenye kitambi. Leo tunatia siagi kwenye kahawa kisha tunaulizana kwa nini tumenenepa. Nitawapelekea wazee habari hii kesho, na ninaomba mnisamehe mapema kwa maneno watakayoyasema.

Mnasihi

Ndugu zangu, jambo hili lilikwisha kuamuliwa. Tumefundishwa kwamba theluthi ya tumbo iwe kwa chakula, theluthi kwa kinywaji na theluthi kwa pumzi. Anayeifuata theluthi hahitaji kundi wala mpango wa kulipia, na anayeijaza pumzi yake siagi asimlaumu mtengenezaji wa majarini.

Muuguzi Mstaafu

Nimesoma yote kwa utulivu, na kuna jambo moja halijaulizwa. Bwana wa Chake, una maradhi yoyote, na kuna dawa yoyote unayoimeza? Mtu aliyeacha wanga kwa mkupuo akiwa mzima na mtu aliyeuacha huku anameza vidonge fulani ni watu wawili tofauti, nami siwezi kukujibu kabla sijajua wewe ni yupi.

Mkaazi wa Chake

Sioni dawa zinahusiana vipi na siagi.

Dada wa Wete

Kaka, mwenye kuuliza ni muuguzi. Mjibu.

Mkaazi wa Chake

Nina sukari. Si kali. Ninameza glibenklamaidi na metfomini asubuhi, halafu ninakunywa kahawa yangu. Kabla ya adhuhuri hutetemeka mikono na kutokwa na jasho, na mara nyingine moyo hunienda mbio, lakini mwenye mpango amenieleza kwamba huo ni mwili unaotoa sumu na kwamba hali hiyo itapita. Alituambia pia tusiwaeleze madaktari, kwa sababu watatukatisha tamaa. Naomba mnielewe: uzito umepungua, ada nimekwisha kuilipa, na nimenunua kilo tano za siagi ambazo zimejaza friji. Siwezi kuacha jambo katikati kwa sababu ya kutetemeka kidogo.

Muuguzi Mstaafu

Hiyo si sumu inayotoka. Ninavyoisoma hali yako, hiyo ni sukari inayoshuka, na ni hatari ya leo, si ya mwakani.

Glibenklamaidi inalisukuma kongosho litoe insulini, na inaendelea kulisukuma hata kama chakula ulichokula hakina wanga wa kugeuka sukari. Zamani ulikuwa unaimeza kisha unakula boflo na chai ya maziwa, na dozi yako ilipangwa kwa maisha hayo. Sasa unaimeza kisha unakunywa mafuta. Insulini inatoka na haikuti kitu, kwa hiyo inaishusha sukari iliyokuwemo damuni. Dawa hii pia hukaa mwilini kwa saa nyingi, na kwa mzee au mwenye figo dhaifu hukaa zaidi, ndiyo maana mtu anaweza kujiona amepata nafuu kisha sukari ikashuka tena. Metfomini peke yake ni nadra kuleta hali hii.

Ukianza kutetemeka, pima papo hapo. Ikisoma chini ya 4 (milimoli kwa lita), koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji unywe, subiri dakika 15, pima tena, na kama haijapanda rudia. Ikishapanda, kula kitu chenye wanga. Kama huna kipimo karibu, kunywa sukari kwanza uulize maswali baadaye. Usijitibu kwa siagi, kwa kuwa mafuta hayapandishi sukari na huchelewesha kile kinachoipandisha. Usiendeshe pikipiki ukiwa katika hali hiyo, na mwambie mkeo kwamba akikukuta umepoteza fahamu asikutie kitu mdomoni bali akukimbize hospitali. Dawa usiache kwa uamuzi wako. Nenda kliniki kesho asubuhi uwaeleze unachokula, pamoja na kahawa, kwani kupunguza wanga si haramu kwa mwenye sukari, ila dozi ya dawa hupunguzwa kabla, na anayeipunguza ni daktari.

Shahidi

Ninaomba radhi kwa watakaochukia, lakini mimi hadithi hii siiamini. Mtu huyu anasema ni msomaji wa muda mrefu, na jina lake limesajiliwa wiki hii. Alianza na swali la mkate ambao hauli, akaja na kahawa, kisha na ugonjwa, na sasa ametufikisha kwenye kilo tano za siagi. Nani hununua kilo tano za siagi kwa matumizi yake? Si muda mrefu uliopita kulikuwa na mtu humu aliyetangaza siagi safi ya ng'ombe wa kienyeji kutoka Pemba. Subirini, bei itatajwa.

Mpishi wa Shughuli

Mimi naye nilianza kushuku, na hesabu inanisaidia. Kilo moja ya siagi huhitaji takriban lita 20 za maziwa, kwa hiyo kilo tano ni lita 100. Ng'ombe wa kienyeji anayetoa lita mbili kwa siku, na hapo nimemkirimu, atafanya kazi siku 50 bila ndama wake kuonja. Aliyekuwa akitangaza siagi ya kienyeji kwa wingi ule alikuwa anauza kitu kingine, na ninahisi ni majarini iliyotolewa koponi.

Mzee wa Mchangani

Hilo si jambo geni. Zamani samli yenyewe ilikuwa ikichanganywa, na bibi yangu alikuwa akiijaribu kwa kuinusa tu, akamrudishia muuzaji dumu lake bila ya neno.

Mkaazi wa Chake

Siagi yangu ni ya pakiti, ilikuja kwa boti kutoka Unguja, na mahali popote sikusema kwamba ni ya kienyeji. Nilijisajili wiki hii kwa sababu wiki hii ndiyo niliyokuwa na la kuuliza. Mimi si muuzaji. Mimi ndiye ninayetetemeka.

Shahidi

Maneno mazuri. Muuzaji naye angesema hivyohivyo.

Muuguzi Mstaafu

Bwana Shahidi, mimi sina haja ya kujua kama mtu huyu yupo. Nimewahudumia wengi waliokuwepo, waliofika wakiwa wamebebwa, na familia zao zikisema asubuhi alikuwa mzima, alikunywa chai tu.

Mkaazi wa Chake

Nimerudi. Leo mnamo saa tano nilitetemeka, nikapima kwa kipimo cha jirani, kikasoma 3.1. Nimekunywa maji ya sukari kama nilivyoelekezwa, ikapanda, nikala muhogo wa kuchemsha. Kesho mke wangu atanipeleka kliniki, na ameapa kuingia na mimi hadi ndani. Lakini wali wa jioni siurudii, na mpango wenyewe nitauzungumza na daktari badala ya kuuacha. Na bado hamjanijibu: siagi au majarini?

Muuguzi Mstaafu

Hapo sasa ninaweza kukujibu. Kwa mwenye sukari swali haliishii kwenye kalori, kwa sababu moyo na mishipa yake viko hatarini kuliko vya mwingine. Kijiko kimoja cha mezani cha siagi kina kama gramu saba za yale mafuta mazito yanayopandisha lehemu mbaya, yaani kolesteroli mbaya ya damuni. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya aina hiyo yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwa mtu anayekula kalori 2,000 hiyo ni kama gramu 22. Vijiko vyako viwili vya kahawa vimekwisha kula gramu 14 kabla samaki hajaingia kikaangoni.

Majarini nayo ina aina zake. Ile ngumu ya zamani, iliyogandishwa kwa kutiwa hidrojeni nusunusu, ilikuwa na mafuta ya transi ambayo ni mabaya zaidi ya siagi, na mwaka 2018 Shirika hilo liliyataka mataifa yayaondoe kwenye vyakula. Kwa hiyo aliyekwambia majarini ni sumu hakulizua lote. Majarini laini za leo zisizo na mafuta hayo, zinazotokana na alizeti au soya, zina mafuta mazito machache kuliko siagi. Soma kopo, na ukiona mafuta yaliyotiwa hidrojeni nusunusu yametajwa, liache dukani. Ukipaka, paka nyembamba, iwe ipi. Kwenye kahawa usitie hata moja. Samaki mchome au mpike mchuzi, na tui jepesi liwe kidogo, kwa maana mafuta ya nazi kwa wingi wa hayo mafuta mazito yanaishinda hata siagi.

Mnasihi

Umemsikia. Theluthi.

Dada wa Wete

Kaka, ukitoka kliniki utuandikie walichokuambia kuhusu dozi. Na mkeo umpe pole, maana alikuwa karibu na ukweli.

Karafuu Kavu

Mimi ninakuja Machomanne keshokutwa kwa arusi. Ile siagi iliyobaki unaifanyaje?

Mkaazi wa Chake

Zimebaki kilo tatu na nusu, pakiti hazijafunguliwa. Bei tuizungumze faragha.

Shahidi

Nilisema nini?