Wauza hedifoni Mtwara mnatuibia! Kujaribu hamtaki, vimpira mnavichomoa, halafu mnatuambia masikio yetu ndo mabaya

Wakuu habari za jioni. Mods naomba msiuunganishe huu uzi na zile nyuzi za bei za simu, hii ni mada nyingine na nimechoka kukaa nayo.

Mimi ni fundi cherehani, ofisi yangu iko Chikongola hapa Mtwara mjini, kazi yangu ni kukaa kuanzia asubuhi mpaka usiku na masikio yangu yanapokea mota ya cherehani, bodaboda zinazopita mlangoni na spika ya jirani anayeuza vocha. Kwa hiyo hedifoni za kuingiza sikioni kwangu sio urembo, ndo zinazonifanya nimalize sare za shule bila kichwa kuuma. Napenda dansi na taarabu, nyimbo ambazo gitaa la besi linatembea, ukilikosa hilo umekosa nusu ya nyimbo.

Sasa nikaingia duka moja pale mjini, hedifoni za waya, elfu 35. Kwenye boksi imeandikwa besi kubwa, na pembeni kuna picha ya vile vimpira vya kuvalisha kwenye ncha inayoingia sikioni, saizi tatu, S, M na L, picha kubwa tu kila mtu anaiona. Nikaomba nijaribu. Kijana wa dukani akaniambia "dada hapa hatujaribishi, ukishafungua boksi ni yako". Nikalipa. Nafungua, vimpira vilivyomo ni pea moja tu ile M iliyovalishwa tayari. Hamna S, hamna L, kuna kishimo tu kwenye plastiki pale vilipotakiwa kukaa.

Nikavaa. Besi hakuna. Sisemi ndogo, nasema hakuna. Matoazi yanachoma, kila muimbaji akitamka S inakuja kali mpaka unakunja uso, ngoma inasikika kijuu juu tu, gitaa la besi limeondoka kabisa. Halafu M kwenye sikio langu haiingii, inaishia mlangoni, nikiinamia kitambaa inadondoka, ukichanganya na jasho la huku kwetu ndo inateleza kabisa, na baada ya muda ile sehemu ya mbele ya sikio inauma kwa kubanwa. Ila nikisukuma kwa kidole na kushikilia, mara besi HII HAPA imekuja yote, nzito, safi, gitaa unalifuata noti kwa noti. Nikiachia kidole inaondoka.

Mnaelewa maana yake hiyo? Spika ni nzima! Hedifoni za aina hii zinafanya kazi kwa kuziba tundu la sikio. Sauti za chini, zile za kuanzia kama 100 Hz kwenda chini ambako ndo kuna kick (ile ngoma kubwa ya mguu) na gitaa la besi, zinahitaji hewa ya mle ndani iwe imefungwa. Pakibaki upenyo hata mdogo zinatoka zote, zile za juu zinabaki, ndo maana unasikia makelele yanayochoma bila uzito. Kile kimpira cha silikoni mnachokiona takataka ndo nusu ya hedifoni, ukikitoa umeuza nusu ya bidhaa kwa bei kamili.

Nikarudi dukani na risiti. Kijana akaziangalia akasema "hizi nzima dada, una masikio madogo". Nikamwambia sawa, nipe S yangu iliyochorwa kwenye boksi. Akanyoosha mkono chini ya kaunta akatoa KOPO. Kopo la plastiki limejaa vimpira, vyeusi, vyeupe, vya bluu, S na L vimechanganywa humo na vumbi, akaniambia chagua, pea elfu 2.

Wakuu pale ndo nilipopandwa na hasira mpaka mikono ikatetemeka. Lile kopo limejazwa na nini? Ni vya kwetu! Vimetolewa kwenye maboksi ya watu, boksi linafunguliwa, S na L zinachomolewa, linarudishiwa selotepu, halafu mtu unauziwa mara ya pili kitu ulichokwisha kukilipia. Na wanajua M itawakaa wengi kiasi cha kutosha wasirudi, wenye masikio madogo kama sisi wanawake wengi na watoto wa shule ndo tunarudi na elfu 2 mkononi. Huo ni wizi, sina neno lingine.

Mimi mtu akija kushona gauni nampima kwanza, bega, kifua, kiuno, siwezi kumshonea saizi ya jirani yake halafu nikamwambia mwili wako mbaya. Kwa nini kwenye kitu kinachoingia ndani ya sikio kabisa iwe kawaida?

Najua kuna watakaokuja kusema kujaribu ni uchafu, nta ya masikio, magonjwa. Hilo ni kweli na mimi sitaki kuvaa kilichotoka kwenye sikio la mtu. Lakini vimpira vinavuliwa jamani, weka pea moja ya kujaribishia, kila mteja mvalishe vimpira visafi, ukimaliza futa kwa spiriti, spiriti bei gani? Hawataki tu, kwa sababu mtu akijaribu atasikia.

Na nyinyi wadau mnaoandika maoni mtandaoni mna sehemu yenu kwenye hili. Kabla sijanunua nilisoma sana. Huyu anasema besi hatari inapasua ubongo, wa chini yake anasema hamna kitu kopo tupu, hedifoni ni ile ile modeli ile ile, watu wanatukanana kurasa na kurasa. Inawezekana kabisa wote mnasema kweli, mmoja imemziba mwingine haijamziba. Lakini hamna hata mmoja anayeandika kavaa kimpira saizi gani, ameingiza kwa kina gani, simu gani, nyimbo za aina gani. Mtu anayesikiliza singeli na mtu anayesikiliza kaswida wakisema "sauti safi" hawaongelei kitu kimoja. Andika hivi: nimevaa S, sikio la kushoto inakaa la kulia inalegea, besi ipo ila inafunika sauti ya muimbaji, baada ya saa sikio linauma. Hapo umenisaidia. "Mziki mnene" haunisaidii chochote.

Na waya! Hakuna anayesema kuhusu waya. Ukiusugua kwenye kanga au kola unasikia kru kru ndani ya sikio yote, kwa sababu sikio limezibwa na mtetemo wa waya unapanda moja kwa moja. Dawa yake ni kuupitisha waya juu ya sikio kwa nyuma, nyingi zinakubali, na ukiwa unaingiza vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili ndo kimpira kinakaa sawasawa. Muuzaji angekuwa na nia njema angekuonesha hayo hapo hapo kaunta.

Lingine. Mdogo wangu anaendesha boda Shangani, yeye kauziwa zake za elfu 5, akichomeka biti inasikika kwa mbali imepwaya, muimbaji HAYUPO. Kaenda kulalamika akaambiwa simu yako mbovu kanunue nyingine. Nikamwambia bonyeza ile batani ya kupokelea simu usiachie, akabonyeza, muimbaji karudi, akaachia kapotea. Simu haina shida yoyote. Pini za 3.5 mm zenye maiki zina mpangilio wa aina mbili, CTIA na OMTP, maiki na earth (ule waya wa pamoja wa kurudishia umeme) zimebadilishana nafasi, OMTP ni ya simu za zamani na simu za sasa karibu zote ni CTIA. Ukichomeka isiyoendana, earth inakosekana, spika za kushoto na kulia zinabaki na ile tofauti kati yao tu, na muimbaji kwa kawaida anarekodiwa katikati, sawa pande zote, kwa hiyo anajifuta. Muuzaji wa hedifoni asiyejua hili anauza nini? Na kama anajua akasema simu mbovu, ndo mbaya zaidi.

Mtu ataniambia mbona unakuza, ni hedifoni tu. Sikuzi. Kimpira kisipoziba, kelele za nje zinaingia na besi inatoka, kwa hiyo unafanyaje, unaongeza sauti. Unaongeza tena. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema sauti ya desibeli 80 unaweza kuisikiliza masaa 40 kwa wiki, na kila ikipanda desibeli 3 muda unapungua nusu. Desibeli 90 ni masaa 4 tu kwa WIKI NZIMA. Mimi nakaa kwenye cherehani zaidi ya masaa 4 kwa siku moja. Mwaka 2022 WHO hao hao walisema vijana zaidi ya bilioni 1 wako kwenye hatari ya kuharibu masikio kwa usikilizaji wa namna hii, na sikio likishakufa halirudi, vile vinyweleo vya ndani havioti tena. Yote hayo kwa sababu ya mtu anayetaka elfu 2 ya kimpira.

Na lile bango la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" mnalobandika ukutani haliwalindi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, na kuchora vimpira vitatu nje ukaweka kimoja ndani ni kupotosha, tena kwa picha. Malalamiko ya namna hiyo ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC. Mimi nimeshapiga picha boksi pande zote, lile kopo pia nimelipiga, risiti ya EFD ninayo. Ushauri wangu dai risiti kila mara, hata ya hedifoni za elfu 5, wanavyokwepa kuitoa inakuambia wanachoogopa. Kusini tumezoeshwa kupokea chochote kinachoshushwa kwenye basi la kutoka Dar na kushukuru, msimu wa korosho ndo kabisa bei zinapanda na vitu vinazidi kuwa vibovu.

Sasa nauliza. Wa Lindi mjini, Masasi, Newala, Tandahimba, kwenu huko kuna duka linaloruhusu kujaribu? Kuna mtu amepata vile vimpira vya sponji vinavyojaa vyenyewe ndani ya sikio, na kwa joto hili vinadumu? Na aliyewahi kupeleka lalamiko la namna hii FCC akajibiwa, aseme alianzia wapi na alitakiwa kubeba nini, nina wateja wa sare mpaka Ijumaa, Jumatatu nalipeleka la kwangu.